Laki kumi na tano si bei: kuchagua na kupigia hesabu gari la familia la ukubwa wa kati India

Karatasi ya bei ya shorumu jijini Bengaluru imeandikwa rupia 15,00,000. Koma zimekaa pengine, lakini Mswahili hahitaji mkalimani: hiyo ni laki kumi na tano, na laki ya Kihindi ndiyo hii yetu, kama zilivyo gari na bima. Kinachomponza mnunuzi ni kudhani kwamba laki 15 ndiyo bei. Gari hilo likishafungwa namba na kukatiwa bima litakuwa limekula zaidi ya laki 18. Lingesajiliwa Delhi lingekula kama laki 17 hivi.

Magari tunayoyazungumzia ni yale marefu kwenda juu, ya viti vitano, yenye urefu wa mita 4.2 hadi 4.5: Hyundai Creta, Kia Seltos, Maruti Suzuki Grand Vitara na nduguye Toyota Urban Cruiser Hyryder, Honda Elevate, Skoda Kushaq na pacha wake Volkswagen Taigun. Yapo mengine, na kipimo ni hiki hiki.

Anza na futi kamba na ukubwa wa injini

Tangu tarehe 22 Septemba 2025, kodi ya bidhaa na huduma (GST) kwa magari ya petroli na dizeli ina ngazi mbili. Gari lisilozidi mita 4, lenye injini ya petroli isiyozidi cc 1,200 au ya dizeli isiyozidi cc 1,500, hulipa 18%. Mengine hulipa 40%. Ya umeme yamebaki 5%.

Magari tuliyoyataja yote yako kwenye 40%. Ndani ya laki 15 za shorumu mna rupia 428,571 za GST, na gari lenyewe ni 1,071,429. Gari la thamani hiyo hiyo, fupi na lenye injini ndogo, lingeuzwa 1,264,286. Ndiyo maana Tata Nexon, Hyundai Venue na Kia Sonet zote zimeishia milimita 3,995, nyuma zimekatwa kama vile fundi aliishiwa bati. Angalia Maruti Brezza: nayo ni 3,995, lakini injini yake ya petroli ni ya cc 1,462, basi inadaiwa 40% kama kaka zake wakubwa. Wauzaji hawalitaji hilo wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama unahitaji gari refu kweli. Familia ya watu wanne inayozunguka mjini na kusafiri mara mbili kwa mwaka itaenea kwenye gari fupi, na laki mbili na zaidi zitabaki mfukoni. Watu watano wazima, au bibi na babu pamoja na kiti cha mtoto, hapo ndipo gari la mita 4.3 linapostahili fedha yake. Ukiwa na watu sita, acha kundi hili kabisa, tafuta la viti saba.

Bei yoyote uliyoisoma kabla ya Septemba 2025 itupe. Wakati huo mengi ya magari haya yalilipa 45%, yaani 28% ya GST na 17% ya tozo ya juu yake.

Kaa nyuma kwanza

Watu wengi huingia shorumu, wakashika usukani, wakasifia skrini. Wewe fungua mlango wa nyuma. Weka kiti cha dereva kama unavyoendesha, kisha ukae nyuma yake. Halafu ingizeni watu wazima watatu kwa pamoja mfunge mikanda. Magari haya yana upana wa karibu mita 1.8 kwa nje, na mabega ya watu watatu hayadanganyi. Huyo wa katikati awe na mkanda wa kupita begani na kiegemeo chake cha kichwa. Matoleo ya bei ya chini ndipo vitu hivi hukosekana. Paa la kioo linavutia, lakini hupunguza nafasi ya kichwa, na jua la Mei la Delhi litapita humo.

Kisha buti. Creta imeandikiwa lita 433 na Elevate 458. Grand Vitara na Hyryder za haibridi kamili, yaani za petroli zinazosaidiwa na mota ya umeme, zimeweka betri chini ya buti, na nafasi imeshuka hadi kama lita 265. Begi kubwa la safari likilazwa, la pili linatafuta pa kukaa. Nenda na mabegi yako mwenyewe. Muuzaji hatakasirika, na akikasirika wapo wengine.

Usalama uusome kwa toleo, siyo kwa jina la gari. Kushaq na Taigun zilipata nyota tano za Global NCAP, wapimaji wa usalama wa magari kwa kuyagongesha, mwaka 2022. Tangu Oktoba 2023 India ina kipimo chake, Bharat NCAP, kinachogongesha gari kwa kilomita 64 kwa saa upande mmoja wa mbele. Uliza: gari lililopimwa lilikuwa na mifuko mingapi ya hewa, na hili ninalonunua linayo mingapi?

Injini na gia, kwa safari zako

Hapa ndipo pesa hupotea kimya kimya, kwa hiyo tukae kidogo.

Andika kilomita zako za mwezi na aina ya barabara. Injini ya petroli ya lita 1.5 isiyo na turbo, kama ile ya Creta yenye nguvu farasi 115 au ya Elevate yenye 121, inamtosha anayekwenda kazini na sokoni. Haina makuu, na haina mengi ya kuharibika. Ikiwa na gia ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, ni laini kwenye foleni. Ukikanyaga sana mlimani injini hulia kabla gari halijasogea. Hiyo ni tabia ya CVT, siyo ugonjwa.

Turbo ni tamu barabara kuu. Creta ya 1.5 turbo ina farasi 160, Kushaq ya 1.5 ina 150. Lakini gia za otomatiki zinazofungwa kwenye turbo hizo ni za klachi mbili kavu. Klachi hizo hupoozwa na hewa tu. Kwenye foleni ya Bengaluru, ukiacha gari litambae nusu mita nusu mita, klachi inasuguana muda wote, inapata joto, na kwenye skrini hutokea onyo. Dawa ni kusubiri nafasi ya magari mawili ifunguke, usogee mara moja, usimame kwa breki. Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta. Kama foleni ndiyo maisha yako, chagua CVT, au gia ya otomatiki ya kawaida kama ile ya 1.0 turbo ya Kushaq na Taigun au ya dizeli ya Creta.

Dizeli ni ya mtu wa masafa. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa limepata moto na linakwenda mwendo mzuri, dakika 15 hadi 20 bila kukatizwa. Safari za kilomita nne za kupeleka mtoto shule haziruhusu hilo. Taa inawaka, gari linapunguza nguvu, unaishia gereji. Na eneo la Delhi na viunga vyake lina amri ya kuondoa dizeli za zaidi ya miaka 10 na petroli za zaidi ya 15. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ililegeza utekelezaji, ila wanunuzi wa mitumba bado wanaiogopa dizeli, na utaliona hilo siku ya kuuza.

Haibridi kamili ifanyie hesabu. Kwa mfano unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi mjini na petroli ni rupia 100 kwa lita. Otomatiki ya kawaida inayokwenda kilomita 11 kwa lita itakula 10,909. Haibridi inayokwenda 20 itakula 6,000. Unaokoa kama 4,900 kwa mwezi. Ikiwa imekuzidi bei kwa laki 3, itachukua miezi 61 kurudisha. Ukitembea kilomita 2,400, ni miezi 30 na ushee. Takwimu ya kampuni, kilomita 27.97 kwa lita, ni ya maabara, usiipigie bajeti.

Karatasi ya bei

Omba mchanganuo ulioandikwa, mstari kwa mstari, kwa toleo na rangi unayotaka. Huu hapa mfano wa gari la petroli la laki 15, cc 1,497, likisajiliwa Bengaluru:

Bei ya shorumu: 1,500,000
Kodi ya barabara ya Karnataka, 17% na tozo ya 11% juu ya kodi hiyo: 283,050
TCS, 1%: 15,000
Bima, makadirio: 50,000
Jumla: 1,848,050, kabla ya FASTag (stika ya kulipia barabara), namba na ada ndogo ndogo

Delhi, petroli ya zaidi ya laki 10 hulipa kodi ya barabara ya 10%, yaani 150,000. Jumla inashuka hadi 1,715,000. Mumbai ni 12%. Usishawishike kusajili Delhi ukakae Bengaluru: gari likipita miezi 12 kwenye jimbo jingine sheria inataka ulisajili upya huko, na kodi utalipa.

TCS ni kodi ya mapato inayokusanywa na muuzaji kwa gari la zaidi ya laki 10. Haijapotea, unaidai kwenye ritani yako ya kodi. Lakini bila PAN, namba ya mlipakodi ya India, inakuwa 5%, yaani 75,000 badala ya 15,000, na kuirudisha bila PAN ni kazi. Mwanafunzi au mfanyabiashara kutoka kwetu atafute PAN kwanza, gari baadaye.

Mstari wa bima ndio wa kubishania. Bima ya mtu wa tatu kwa gari jipya ni ya miaka mitatu na kiwango chake kimepangwa: rupia 10,640 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 1,500, na 24,596 ikizidi 1,500, bila GST. Hiyo haipunguzwi. Ya uharibifu wa gari lako ndiyo ina punguzo kubwa, na muuzaji huwa analimeza. Hulazimiki kununua bima kwake. Chukua makadirio mawili ya nje yenye thamani ile ile ya gari (kwa gari jipya, 95% ya bei ya shorumu) na nyongeza zile zile, umwekee mezani. Nyongeza mbili tusizokuacha uzikatae: ile ya kutokata uchakavu, kwa kuwa bila hiyo bampa la plastiki utalipiwa nusu tu, na ya injini, kwa ajili ya masika. Maji yakiingia kwenye injini na wewe ukajaribu kuiwasha, pistoni haiwezi kubana maji, kitu kitapinda, na bima ya kawaida itakataa. Gari likizimika majini, usiguse swichi. Livutwe.

Mistari ya kukatwa kwa kalamu: "ada ya kushughulikia", "gharama za yadi", vifurushi vya mazulia na dawa ya rangi ulivyowekewa bila kuomba. Serikali haidai hata rupia moja ya hizo.

Muda wa kujadiliana ni mwisho wa Machi, mwaka wa fedha ukifungwa, na Desemba. Pia siku kumi na sita hivi za Pitru Paksha, Septemba au Oktoba, Wahindu wengi wanapoepuka kununua vitu vikubwa: shorumu ni tupu na meneja anasikiliza. Wiki ya Dhanteras, sikukuu ambayo Wahindu wengi hununua vitu vipya, usitegemee punguzo.

Kuhusu mkopo, muda ndio mwizi. Laki 12 kwa 9% kwa miaka mitano ni rejesho la 24,910 kwa mwezi, riba jumla kama 294,600. Kwa miaka saba rejesho linashuka hadi 19,307, riba inapanda hadi karibu 421,800.

Kabla ya kusajili, si baada

Lipa malipo ya awali kidogo, udai namba ya chesisi, uende yadi kulikagua gari lenyewe kabla ya kumalizia fedha. Likishasajiliwa kwa jina lako, mkwaruzo ni wako.

Soma herufi ya kumi ya chesisi: kwa kampuni nyingi S ni 2025, T ni 2026. Gari lililolala yadi tangu mwaka jana lidai punguzo lake. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi ni wiki na mwaka. Matairi yote matano yakaribiane, na usisahau la spea. Tarehe za vioo zifanane. Kimoja kikiwa kigeni kwa wenzake, kilibadilishwa. Kilomita ziwe chini ya 100. Kagua mchana, nje, gari likiwa limeoshwa na kukauka: tazama rangi kwa kuinama usawa wa boneti, ndipo mawimbi ya kupakwa upya yanapojitokeza. Inua zulia la buti uguse bati kama lina unyevu. Washa AC dakika kumi, jaribu kila dirisha, kila mkanda, funguo zote mbili.

Ukiona kasoro, piga picha pamoja na namba ya chesisi, uwaandikie kwa barua pepe kwamba unataka gari jingine, na usisaini fomu za usajili hadi wajibu.