Simu ya sarafu inavyofanya kazi: somo, nisiulizwe tena

Kila wiki kuna anayeniuliza kwa nini simu ya kibandani "ilikula" pesa yake au ikaitema. Naandika mara moja. Mfano ni simu ya zama za KP&TC (shirika la posta na simu la Kenya la zamani) niliyoifufua hapa Bondeni, Nakuru.

1. Inua mkono wa simu. Swichi inafunga, mkondo unapita, unasikia mlio.

2. Tumbukiza sarafu. Kwa wakati huu hujalipa chochote. Sarafu inateremka kwenye mfereji mwembamba unaoipima upana, unene na uzito. Sumaku inaipunguzia mwendo kulingana na madini yake, kwa hiyo kipande bandia huangukia pasipo pake na kurudishwa.

Hapa ndipo niliharibu. Sarafu zilikuwa zikikwama, nikapaka mafuta ya cherehani. Siku mbili zilipita vizuri. Kisha vumbi la Nakuru likanasa kwenye mafuta, likawa uji, na sarafu halali zikawa zinakataliwa kwa kuteremka polepole. Nilifungua mashine yote upya. Safisha kwa spiriti na pamba, uache ikauke. USIPAKE MAFUTA. Usipitishe msasa. Na uchomoe laini kabla ya kugusa ndani: simu ikiita, nyaya hubeba volti 75 hadi 90, na zitakurusha.

3. Piga namba. Ukizungusha 5 kwenye kisahani cha namba, mkondo unakatika mara tano. 0 ni mara kumi.

4. Mwenzako akiinua, kituo cha simu kinageuza chanya na hasi kwenye laini. Simu ilikuwa ikisubiri hilo tu: sasa sarafu inadondoka sandukuni. Asipoinua, ukikata, unarudishiwa. Sarafu ikishaanza kuliwa, chenji hakuna.

MASWALI

Otis_K: Fundi, na mafuta kidogo tu?
Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 2.

Jamaa58: Nifundishe ile ya kufunga sarafu kwa uzi.
Jibu: Sifundishi wizi.

Jamaa58: Nilikuwa nauliza tu.
Jibu: Nami nimejibu.

NyarKisumu: Shikamoo mzee. Nikiwa mdogo kule Kondele, stima ikipotea mtaa mzima, kibanda kilikuwa bado kinapiga. Umeme ulitoka wapi?
Jibu: Marahaba binti yangu, umeuliza jambo la maana. Ulitoka kituo cha simu, kupitia nyaya zile zile zinazobeba sauti. Kule kuna safu ya betri za volti 48, na jenereta nyuma yake. Ukiinua mkono wa simu, volti zinashuka chini ya 10 hivi, na kituo kinajua kuna mtu. Ndiyo maana mtaa ungeweza kuwa gizani na bado ukamwita daktari.

NyarKisumu: Asante sana. Nimepata moja Kibuye, lakini nyaya za simu mtaani hazipo tena.
Jibu: Nunua kisanduku cha laini ya mkononi chenye tundu la simu ya mezani. Muulize muuzaji mambo mawili: kinaelewa namba za kuzungusha? Kinageuza chanya na hasi mtu akijibu? Cha kwanza kikikosekana hutapiga; cha pili kikikosekana utaongea na sarafu zitakurudia.

Otis_K: Na hizi sarafu za 2018, za kifaru na twiga?
Jibu: Jaribu moja. Ikirudi, iache. Usiisukume kwa kisu.