Unapanga safari ya theluji? Anza na yule asiyejua kuteleza

Ikifika Novemba, makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini huanza kujaa picha za milima. Mmoja anatuma hoteli, mwingine anatuma tiketi za ndege, na kabla wiki haijaisha familia tatu zimeshalipa malipo ya kwanza. Swali la msingi huwa bado halijaulizwa: huko tunakokwenda kunamfaa mtu ambaye hajawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, maishani mwake?

Wengi wetu tumekutana na theluji ukubwani. Wenyeji tunaoishi nao walifundishwa wakiwa watoto wadogo, na orodha za vituo bora zinazochapishwa kila msimu zimeandikwa kwa ajili yao. Les 3 Vallées ya Ufaransa inajitangaza kwa kilomita 600 za njia za kuteleza. Anayejifunza ataimaliza wiki yake kwenye mita mia mbili za chini kabisa, na hizo kilomita nyingine zote amezilipia bure. Basi tafuteni katika kundi lenu aliye mgeni zaidi wa mchezo huu, au mwenye hofu zaidi, na mlima uchaguliwe kwa kumfikiria yeye. Wanaojua hawakosi pa kwenda.

Soma ramani kabla ya kuangalia bei

Kila kituo cha skii kina ramani ya njia zake, na zote zinapatikana mtandaoni. Ufaransa ina njia za kijani, bluu, nyekundu na nyeusi, kuanzia rahisi hadi ngumu. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanzia bluu. Marekani na Kanada alama zao ni duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi. Ukiona almasi mbili, hapo si pako. Rangi hizi hupangwa kwa kulinganisha njia za kituo kimoja, kwa hiyo bluu ya mlima mkali inaweza kukutoa jasho kuliko nyekundu ya kituo kingine.

Kwenye ramani, tafuta mambo mawili. La kwanza ni eneo la wanaoanza lenye mkanda unaotembea, ule unaousimamia nao unakupandisha taratibu. Mahali penye lifti za kuvuta pekee, zile za fimbo inayokukokota ukiwa umesimama kwenye skii, mgeni hutumia nusu siku akijifunza lifti badala ya kuteleza. La pili, na hili ndilo husahaulika, ni njia ya kutoka kwenye eneo hilo. Siku ya tatu au ya nne mtu huanza kupata mwendo, anataka kwenda mbali kidogo. Kama kinachofuata ni njia nyekundu moja kwa moja, atarudi nyuma kwa woga alioanza nao. Unataka kuona bluu ndefu na pana zinazoshuka kutoka juu, na gari la kebo la kumrudisha chini aliyechoka.

Alpe d'Huez ya Ufaransa ni mfano ninaoupenda: juu tu ya kijiji kuna uwanda mpana wa njia za kijani, na mlima huohuo una Sarenne, njia nyeusi ya kilomita 16. Aliyebobea na anayeanza wanalala nyumba moja. Aspen, Colorado, ina milima minne, na mmoja wao, Buttermilk, unajulikana kwa upole wake. Kinyume chake, Chamonix ya Ufaransa na Jackson Hole ya Marekani zina sifa kubwa, lakini sifa hiyo imejengwa na mabingwa. Chamonix tena maeneo yake yametawanyika bondeni, mnapanda basi kutoka moja hadi jingine mkiwa na buti miguuni na watoto mkononi. Kwa safari ya kwanza, singeipendekeza.

Urefu wa mlima, theluji na pumzi

Kadiri kijiji kilivyo juu, ndivyo uhakika wa theluji unavyoongezeka. Val Thorens ya Ufaransa kiko mita 2,300, ndicho kituo kilicho juu kuliko vyote Ulaya, na theluji yake hudumu hadi majira ya kuchipua. Kitzbühel ya Austria uko chini ya mita 800. Ni mji mzuri sana, ila majira ya baridi yakiwa na joto, chini hubaki matope.

Upande wa pili wa shilingi ni pumzi. Breckenridge, Colorado, mji wenyewe uko karibu mita 2,900, na kulala hapo usiku wa kwanza baada ya kutoka pwani kunaweza kuleta kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Whistler ya Kanada, kijiji kipo mita 675 tu: unalala chini na kupanda juu mchana. Ukiwa na wazee au watoto wachanga, tofauti hiyo ni kubwa.

Nitakaa kidogo kwenye jambo moja ambalo miongozo ya wengine haina sababu ya kuligusa, na sisi tunayo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa haba ya milimani vyote huamsha maumivu ya ugonjwa huu, kwa hiyo mwenye selimundu azungumze na daktari wake kabla hata ya kuchagua mlima. Hata wabebaji, yaani waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambao maisha yao ya kila siku hayana shida yoyote, wapo walioumia bandama baada ya kupanda juu sana. Ukijijua ni mbebaji, chagua kituo cha chini, kunywa maji mengi, na ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, shuka na uende hospitali, na uwaambie wazi kuwa wewe ni mbebaji. Usipojijua, kipimo ni cha damu tu.

Karatasi

Wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mathalani Ujerumani au Sweden, wanaruhusiwa kwenda milima ya Austria, Ufaransa, Italia au Uswisi bila viza nyingine, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Beba pasipoti pamoja na kibali. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, hata kama kibali chake cha Uingereza ni cha kudumu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Jibu huchukua takriban siku 15, na linaweza kufika 45. Familia nyingi zina pasipoti za aina mbili au tatu chini ya paa moja, kwa hiyo kagueni ya kila mtu peke yake. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza anapita, mama yake anabakia uwanja wa ndege.

Andorra iangalieni kwa makini. Ina vituo vizuri kwa wanaoanza na wengi huipenda, lakini haimo Schengen. Unaifikia kupitia Ufaransa au Hispania, na ukishaingia Andorra umetoka Schengen. Viza ya kuingia mara moja haitakurudisha. Omba ya kuingia mara nyingi. Amerika Kaskazini nako, mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu wa Marekani, anaingia Kanada kwa kadi hiyo na pasipoti yake halali, ila mkaazi wa kudumu wa Kanada mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki bado anatakiwa viza ya Marekani.

Bima ya viza ya Schengen lazima ifikie euro 30,000 za matibabu, na wengi huishia hapo. Soma ndani: bima nyingi za kawaida za safari haziingizi michezo ya theluji mpaka uiongeze, na zinazoiingiza huwa hazikulindi ukitoka nje ya njia zilizowekewa alama. Unataka uone maneno ya uokoaji mlimani na helikopta, pia bima ya kumlipa mtu uliyemgonga. Italia imeifanya hiyo ya mwisho kuwa ya lazima tangu Januari 2022.

Wanaoendesha gari: Ufaransa, katika maeneo mengi ya milima, matairi ya baridi au minyororo ni sheria kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Gari la kukodi linaweza lisiwe navyo usipoomba.

Lini

Januari baada ya wiki ya Mwaka Mpya, kama mnaweza kuwaacha watoto shule au hamna watoto. Njia ziko wazi na walimu wana nafasi. Februari katikati ni likizo za shule Uingereza na Ufaransa kwa pamoja, foleni za lifti zinachosha. Machi ndio mwezi ninaowashauri wanaoanza wasiopenda baridi: mchana ni mrefu, jua lipo, na ukiwa kituo cha juu theluji bado ipo. Walioko Australia na New Zealand msimu wao ni Juni hadi Septemba, na walioko Afrika Kusini wanaweza kuvuka hadi kituo cha skii cha Afriski, Lesotho, katika miezi hiyohiyo ya baridi.

Kabla ya yote hayo, nendeni kwenye ukumbi wa theluji ya ndani. Ipo Hemel Hempstead na Manchester kwa walioko Uingereza, Landgraaf kwa walioko Uholanzi, New Jersey kwa walioko mashariki mwa Marekani, na Ski Dubai kwa walioko Ghuba. Masomo mawili huko yanakuokolea siku nzima mlimani, na asiyeupenda mchezo atalijua hilo mapema, kabla hamjalipia wiki nzima.

Buti, nywele na jua

Skii, fimbo, buti na helmeti vyote hukodiwa kituoni. Nguo za nje ombeni kwa marafiki au nunueni za mitumba. Ndani vaa vitambaa vya sufu au sintetiki; pamba ikishalowa jasho hukuganda mwilini.

Kwenye duka la kukodi, usione haya kumpotezea fundi muda wake kwenye buti. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Sasa kunja magoti na uegemee mbele: vidole virudi nyuma, kisigino kibaki kimetulia. Kisigino kikinyanyuka, omba saizi ndogo, hata kama ile kubwa unaihisi ni ya raha zaidi. Soksi ni jozi moja tu, ndefu na nyembamba, na suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako. Taja kilo zako za kweli. Kibano kinachoshika buti kwenye skii hukazwa kwa kufuata majibu hayo, na kikikosewa kitaachia kabla ya wakati, au kitaung'ang'ania mguu unapoanguka, na goti ndilo litakalolipa.

Wenye rasta au misuko, jaribuni helmeti mkiwa na mtindo uleule wa safari. Fundo kisogoni huinua helmeti na kuacha paji la uso wazi. Suka nywele zilale, ncha zishuke shingoni na ziingie ndani ya koti. Hijabu nyembamba ya michezo inakaa vizuri chini ya helmeti. Mtandio au skafu yenye ncha ndefu ifichwe kabisa, maana lifti hunasa kinachoning'inia.

Krimu ya kukinga jua ni ya kila ngozi, nyeusi pia. Theluji safi inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua, inakupiga mpaka chini ya kidevu. Weusi wa ngozi hauyakingi macho, kwa hiyo miwani ya theluji usiivue hata siku ya mawingu.

Mwalimu, na wale wasiotaka kuteleza

Mwalimu si hiari. Mume kumfundisha mke, au rafiki kumpandisha rafiki juu na kumwambia "nifuate", ndiko kunakoharibu safari na mahusiano. Chukueni masomo ya kundi ya asubuhi, siku tatu za kwanza, na mnapoandikisha ombeni lugha mnayoielewa. Kanuni moja ijueni kabla ya somo: aliye chini yako mlimani ndiye mwenye haki ya njia. Hakuoni, wewe unamwona, hivyo kumkwepa ni kazi yako.

Anayesema hataki kuteleza asilazimishwe, na asiachwe hotelini pia. Grindelwald, Uswisi, ina njia ya sleji, kigari cha kukalia na kuteleza nacho, ya kilomita 15 kutoka mlima Faulhorn, ambayo kwanza unaiendea kwa miguu saa mbili na zaidi, kwa hiyo ni ya wenye nguvu za miguu. Zipo fupi nyingi za familia. Treni inakufikisha Jungfraujoch, mita 3,454, bila kuvaa skii. Leukerbad ina mabwawa ya maji ya moto ya chemchemi, unaogelea huku theluji inakudondokea kichwani.

Na kuna skii za nyika, za kutembea kwenye tambarare. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alijifunza mchezo huu akiwa mtu mzima na akashiriki kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyemsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Vifaa vya mchezo huu ni vyepesi, tiketi yake ni nafuu kuliko ya lifti, na anayependa kukimbia au kutembea hushika upesi. Seefeld ya Austria ina njia nyingi za namna hii, na unaweza kuanza siku ileile uliyofika.

Kwa matembezi ya viatu vya theluji, vile vipana vinavyozuia mguu kuzama, fuateni njia zilizowekewa alama au mwende na kiongozi. Kila asubuhi nchi za Alpi hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa ngazi ya 1 hadi 5. Ikiwa 3 au zaidi, kaeni kwenye njia za kijijini siku hiyo. Namba ya dharura ya Ulaya ni 112. Iwekeni kwenye simu za watoto pia, na simu zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza betri.