Kusoma mafuta ya swala: mgongo, figo, kisha uboho

Wana kikundi, juzi mmoja wenu ameniletea picha ya tohe, swala mmoja mla nyasi, aliyekutwa amekufa kando ya mto Ugalla, akauliza: ni ugonjwa? Najibu kwa somo zima la kusoma mafuta ya mwili, maana swali hilo liliwahi kuniumbua. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuta tohe jike, mwezi wa kumi, mbavu zinahesabika, nikaandika kwenye daftari: "ugonjwa". Mkuu wa kambi, mzee wa Kinyamwezi asiyependa maneno mengi, akachutama na kuminya chuchu. Maziwa yakatoka. "Ananyonyesha kiangazi huyu," akasema, akaenda zake. Nilifuta lile neno mpaka karatasi ikatoboka.

Kabla ya kisu: ukiona damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, usiguse wala usipasue. Huenda ni kimeta. Fukuza mbwa, mwite daktari wa mifugo, na somo liishie hapo.

Hatua ya 1. Uliza mwezi na mahali

Tabora tuna masika moja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Nyasi changa za Desemba zina protini na hulainika upesi tumboni. Kufikia Julai zimekuwa mabua. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea: mnyama anaweza kushiba na bado akakonda. Swala hategemei meno yake tu, anategemea vijidudu vya tumbo la kwanza, na vijidudu navyo vinataka protini ili vifanye kazi. Protini ya majani ikishuka chini ya asilimia 6 au 7 hivi, uchachushaji unazorota, mabua yanakaa tumboni siku nyingi, na nafasi ya kula zaidi haipo. Kwa hiyo ukimwona mwezi wa tisa ana tumbo kubwa, usiseme amenona. Amebeba mabua.

Mahali nako kuna maneno yake. Kwenye misitu ya miombo yenye kichanga nyasi huishiwa mapema, lakini kwenye mbuga za udongo mweusi unyevu hukaa na majani mabichi huchelewa kukauka. Panapochomwa moto mapema, machipukizi huja na swala hujaa. Halafu kuna mtundu, mti ambao hutoa majani mekundu Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka. Pongo, nsya na pofu, swala wanaokula majani ya miti na vichaka, hupata ahueni wakati tohe na korongo (namaanisha mnyama, si ndege) bado wanatafuna mabua. Pori moja, mwezi mmoja, mafuta tofauti.

Hatua ya 2. Dume au jike?

Jike anayenyonyesha hukonda kuliko asiye na ndama, hata wakilisha pamoja. Dume hukonda msimu wa kupandana. Swala pala anayelinda eneo lake hushinda akifukuza madume wenzake, hana muda wa kula. Kulungu mwekundu wa Scotland naye Septemba na Oktoba karibu aache kula kabisa, na anaweza kupoteza karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kulungu wale si swala: pembe zao zina matawi na huanguka kila mwaka. Lakini hesabu ya mafuta ni ileile. Wao hunona kabla ya majira ya baridi, na mwaka ambao mialoni imezaa sana hunona zaidi. Wanaoishi msituni huwa wazito kuliko wa vilima vitupu. Baridi yao ndiyo Septemba yetu.

Hatua ya 3. Mgongo

Pitisha kidole kiunoni hadi mkiani. Mafuta ya chini ya ngozi ndiyo ya kwanza kutumika, kwa hiyo yasipokuwepo usishtuke. Swala wetu wengi hawana mengi hata wakiwa na afya.

Hatua ya 4. Figo

Toa figo pamoja na shahamu yake. Kata shahamu inayozidi ncha mbili za figo, itupe. Bandua iliyobaki, ipime, kisha pima figo peke yake. Gawanya mafuta kwa figo, zidisha kwa 100. Figo ya gramu 80 yenye mafuta ya gramu 24 inakupa 30. Kipimo hiki kinajulikana tangu miaka ya 1950, na mizani ya duka la dhahabu inatosha. Linganisha tohe na tohe, mwezi na mwezi. Namba moja peke yake haina maana.

Hatua ya 5. Uboho

Vunja mfupa wa paja. Uboho mweupe, mgumu kama samli iliyolala nje usiku wa Juni: akiba ipo. Ukiwa mwekundu na unatetemeka kama jeli, basi mwili ulishamaliza mgongo, ukamaliza figo, ukafika kwenye akiba ya mwisho. Huyo alikuwa na njaa. Lakini mzoga mwenye uboho mweupe aliyekufa ghafla, hapo sasa tafuteni ugonjwa, sumu au kitanzi.

MASWALI

*Sikonge: Shikamoo mwalimu. Swala wanaovizia mahindi yetu wananona kuliko wa porini?*

Marahaba. Wanaweza kabisa, wanga wa mahindi hugeuka mafuta upesi. Marekani, kulungu wa maeneo ya mashamba huwa wanene kuliko wa misitu mitupu. Tumbaku yenu hawataki.

*Urambo: Nasikia nyama ya porini haina kolesteroli.*

Si kweli. Mafuta ni machache, ila kolesteroli imo ndani ya nyama yenyewe, hata ile isiyo na mafuta.

*Kaliua: Mbona mafuta ya swala hugandia kwenye kaakaa na ya ngiri hayagandi hivyo?*

Swali zuri kuliko yote. Vijidudu vya tumbo la swala hubadilisha mafuta ya majani kuwa magumu kabla hayajaingia mwilini. Ngiri hacheui, kwa hiyo mafuta yake hufuata zaidi alichokula.

*Kigoma: Na nzohe wa mabwawa ya Malagarasi?*

Yeye anaishi majini na majani mabichi mwaka mzima, kwa hiyo msimtazamie akonde Septemba kama tohe wa nchi kavu. Kwake msichukue kalenda ya Tabora. Andikeni kina cha maji.

*Ipole: Mwalimu, nikitaka figo za mazoezi nizipate wapi bila kushikwa?*

Anza na mbuzi wa buchani. Wa kiangazi na wa masika, uone mwenyewe. Figo ya swala ni kwa kibali tu, na mzoga ukiuokota, toa taarifa kwanza ndipo upime.