Kokoto bei juu, nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo uweke nini?

Mnaojenga kwenye miteremko ya Goba na Kimara, Dar, mnajua, ukuta ukilala masika mafundi wanasema nondo zilikua chache, kumbe mara nyingi maji yalikosa pa kutokea. Piga hesabu: ukuta wa mita 2 nyuma kukijaa maji, maji tu yanausukuma kwa kama tani 2 kwa kila mita ya urefu, hapo udongo hatujauhesabu.

Kokoto nyuma ya ukuta kazi yake ni kuyapitisha maji hayo yatoke, sasa sio lazima ziwe kokoto. Zege la kubomoa linafaa, ligonge vipande vipande halafu chekecha vumbi lote litoke, maana vumbi ndio linaziba. Tofali za kuchoma chukua zilizoiva kwelikweli, loweka kipande usiku kucha, asubuhi kikimomonyoka mkononi achana nacho. Watu wa Arusha nyie mna yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, mko vizuri. Makumbi ya nazi hapana aisee, yanaoza, udongo unashuka.

Kujua kama vipande vyako ni safi, weka konzi mbili kwenye chupa ya maji, tikisa, maji yakiwa kama chai ya maziwa rudi ukaoshe.

Ila hapa ndio wengi wanachemka: hivyo vifusi (zege, tofali au mawe) vikigusana na udongo moja kwa moja, udongo unaingia kwenye nafasi na baada ya misimu kadhaa pameziba. Weka katikati kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kile kizito kama blanketi. Huna? Weka mchanga wa mto ule wa chenga kubwa, unene sm 15, lakini vifusi vinavyougusa viwe vidogo, kama nusu inchi hivi, vikiwa saizi ya ngumi mchanga wote unapita humo. Ili visichanganyike simamisha bati katikati, jaza huku na huku, livute juu kidogo kidogo kadri unavyopanda.

Chini laza bomba la inchi 4 lenye matundu, lielekee nje, na ukutani acha vitobo vya bomba la inchi 2. Juu kabisa funika na udongo wa mfinyanzi, sm 30, ushindilie, mvua isiingie moja kwa moja.

Mvua ya kwanza kaangalie vitobo. Maji yakitoka safi bila tope sawa, yakiendelea kutoka ya kahawia hata baada ya mvua mbili tatu, udongo unaondoka nayo, fukua hapo urekebishe mapema.