Yenko Camaro ya 1969: soma bloku kabla ya kulipa

Yenko Camaro ni Chevrolet Camaro yenye injini kubwa ya inchi za ujazo 427, iliyouzwa na muuzaji wa magari Don Yenko. Stika na nembo za Yenko hazithibitishi kwamba gari ni halisi. Zinatengenezwa upya na kuuzwa hadi leo. Namba ya chasisi nayo inaonyesha tu kwamba gari ni la silinda 8, haionyeshi kama injini ni hiyo ya 427.

Mwaka huo injini zilifungwa kiwandani Chevrolet kwa oda ya COPO 9561, yaani oda maalumu ya uzalishaji kupitia ofisi kuu. Safisha grisi kwenye kibao cha bloku, yaani sehemu bapa ya bloku ya injini inapogongwa namba, upande wa kulia mbele ya kichwa cha silinda. Tafuta herufi MN kwa gia za mkono au MO kwa otomatiki, pamoja na sehemu ya namba ya chasisi. Chini ya herufi lazima kuwe na mistari myembamba ya mashine, iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiona mikwaruzo ya msasa, shuku kwamba namba imegongwa upya. Ekseli ya nyuma iwe ya boliti 12, yenye alama BE. Tarehe za kusubu bloku na ekseli zitangulie ile ya kuundwa gari.

Toleo la 1967 ni habari nyingine: injini ilibadilishwa na muuzaji mwenyewe kule Canonsburg, Pennsylvania. Bloku isiyo na namba ya chasisi hapo si dalili ya ulaghai.