Jinsi ya kuizibia macho kampuni yako ya intaneti, kwa tulioko Marekani

Hali fiche (Incognito) ya Chrome haikufichi kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye fundi wa simu wa ukoo wetu hapa Houston, na kila anayeniletea simu husema, "Mbona mimi nafungua kwa siri?" Hali fiche husafisha kumbukumbu za kwenye simu yako tu. Mumeo hataona, wanao hawataona. Kampuni iko palepale, maana kila unachofungua kinapita kwenye nyaya na minara yake.

Usitegemee sheria sana. Mwaka 2016 FCC, mamlaka ya mawasiliano, ilipitisha kanuni za kuzitaka kampuni zikuombe idhini kabla ya kuitumia historia yako ya kuvinjari kwa matangazo. Bunge likazifuta, na Trump akatia saini tarehe 3 Aprili 2017. Mkaazi wa Maine ana nafuu, kwa kuwa jimbo lake lilitunga sheria yake mwaka 2019. Sisi wengine tuanze kazi.

Kwanza ingia kwenye akaunti yako. Hatua hii ni ya bure na ndiyo watu wanayoiruka. Mteja wa Verizon afungue programu ya My Verizon, atafute mipangilio ya Privacy, azime Custom Experience, kisha aangalie kama aliwahi kuikubali Custom Experience Plus. Ile ya kwanza wanakuwashia wenyewe, na hutumia tovuti unazotembelea na programu unazotumia ili kukutangazia huduma zao. Kagua kila namba ya familia, hata ya bibi. T-Mobile nao, tangu Aprili 2021, huwaingiza wateja wao kwenye matangazo ya namna hii mpaka mteja akatae. Kufuta vidakuzi (cookies), yaani vialama ambavyo tovuti huviacha kwenye simu yako, peke yake hakutoshi: Verizon hiyohiyo iliwahi kubandika alama ya utambulisho kwenye safari za wateja wake mtandaoni, alama ambayo mteja hakuweza kuifuta, na Machi 2016 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 1.35.

Pili, DNS. Simu hutafuta namba ya tovuti kwa kuiuliza mashine ya DNS, na usipogusa kitu, mashine hiyo kwa kawaida ni ya kampuni yako. Kwenye Android 9 na kuendelea, fungua Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya Faragha. Andika dns.quad9.net, ambayo ni ya shirika lisilo la faida lenye makao Uswisi, au one.one.one.one ya Cloudflare. Hifadhi. Ukichagua ya Cloudflare, fungua one.one.one.one/help uhakikishe mstari wa DNS over TLS unasema Yes.

Wapo wanaoandika 9.9.9.9, namba ya DNS ya hao Quad9, kwenye ruta na kulala usingizi mnono. Kwa ruta nyingi maswali hayo bado yanatoka wazi, bila kufumbwa, na kampuni inaweza kuyasoma njiani. Kwa kompyuta, afadhali uwashe DNS salama ndani ya Chrome au Firefox.

Hata hapo hujatoweka. Ukisoma habari za kisukari kwenye mayoclinic.org, HTTPS, ule usimbaji wa tovuti, inaficha ukurasa wenyewe, lakini jina la tovuti mara nyingi huonekana muunganisho unapoanza. Kama hilo linakukera, ndipo ufikirie VPN, huduma inayopitisha intaneti yako yote kwenye mashine zake ikiwa imefumbwa, na iwe ya kulipia. VPN inahamisha macho tu: kampuni ya intaneti haioni, ila mwenye VPN anaona. Facebook waliwahi kuwapa watu VPN ya bure iitwayo Onavo, huku wakiitumia kujua watu wanatumia programu zipi. Mwenye iPhone anayelipia iCloud+ tayari anayo Private Relay, huduma ya Apple ya kuficha unakovinjari. Aiwashe tu, akijua kwamba inalinda zaidi kuvinjari kwa Safari, si kila programu.

Jambo moja litakusumbua: Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege inaweza kukataa kufungua ule ukurasa wa kuingilia. Rudi kwenye DNS ya Faragha, weka otomatiki, ingia, halafu urudishe lile jina la DNS uliloandika. Usiposahau hatua hiyo ya mwisho, hutaniletea simu tena.