Kujenga ghorofa 12 za kuishi Dar es Salaam: kutoka kwenye udongo hadi tangi la juu

Kabla mbunifu majengo hajachora mstari wa kwanza, amueni jengo litakuwa na ghorofa ngapi, na uamuzi huo usiguswe tena. Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukijumlisha zege, kuta za matofali, vigae na watu, jengo la kuishi hubeba karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba ya kila ghorofa. Nguzo ya katikati inayohudumia eneo la mita 6 kwa 6 hupokea tani 36 kutoka kila ghorofa. Zikiwa 12, ni kama tani 430 zinazoshuka sehemu moja. Mwenye mali akiamua kuongeza ghorofa 2 katikati ya kazi kwa sababu nguzo zinaonekana imara, ameitwika nguzo hiyo zaidi ya tani 70 ambazo mhandisi hakuzipigia hesabu. Nguzo ya zege ikizidiwa mara nyingi haitoi muda wa kukimbia. Jijini hapa, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36.

Baada ya hapo, nendeni kwenye udongo. Sehemu nyingi za Dar es Salaam zina matabaka ya mchanga na mfinyanzi yanayobadilika ndani ya kiwanja kimoja, na karibu na bahari maji ya ardhini hayako mbali na uso wa ardhi. Chimbeni matundu ya uchunguzi yasiyopungua 3, yakiachana mita 15 hadi 30, hata kama jirani anasema kwake msingi haukusumbua. Kama mtatumia paili, yaani nguzo ndefu za zege zinazozamishwa ardhini, tundu lishuke angalau mita 5 chini ya pale ncha ya paili itakapoishia. Maji ya ardhini yapimwe chumvi na salfeti, kwa kuwa majibu yake ndiyo yanayoamua aina ya saruji ya msingi.

Maegesho ya chini ya ardhi yanahitaji tahadhari ya peke yake. Ukuta wa kuzuia udongo ujengwe kwanza, uchimbaji ufuate. Ukivuta maji kwa pampu mfululizo, maji yaliyo chini ya nyumba ya jirani nayo yanashuka, udongo wake unatitia, kuta zake zinapasuka. Pigeni picha nyufa zote za majirani kabla ya kuanza, mzitie tarehe, kisha mfuatilie kila wiki.

Vibali tuvipitie haraka. Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri, cheti cha mazingira hupitia taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, michoro ya kinga ya moto huenda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na eneo la kazi husajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Mkandarasi, mhandisi, mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wawe wamesajiliwa na bodi zao. Angalieni pia daraja la mkandarasi, kwa sababu usajili wa nyumba ndogo haumruhusu kupandisha jengo refu.

Kwenye michoro, kitu cha kwanza kukagua ni kama kila nguzo inashuka moja kwa moja hadi msingi. Majengo mengi ya Kariakoo yana frem za maduka chini na nyumba juu, na mwenye frem hutaka nafasi isiyo na nguzo. Nguzo ikikatwa ghorofa ya kwanza, mzigo wote wa juu yake unahamia kwenye bimu kubwa yenye nondo nyingi na gharama kubwa. Ni afadhali kupanga maduka yafuate nguzo. Kuta za zege za lifti na ngazi zinabeba jengo dhidi ya upepo, kwa hiyo ziwe karibu na katikati. Zikikaa pembeni, jengo hujipinda. Wekeni ngazi 2 zilizoachana, zenye milango inayozuia moto na moshi, na lifti 2, moja iweze kuingiza machela ikiwa imelala.

Kwenye zege ndiko makosa mengi yanakofanyika. Kwa nguzo na slabu za jengo hili, daraja la 30, yaani zege linalohimili nyutani 30 kwa kila milimita ya mraba, ni kiwango cha chini. Mita 1 ya ujazo hula saruji kilo 350 hadi 400, yaani mifuko 7 hadi 8, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, mkihesabu pia unyevu ulio kwenye mchanga. Fundi akiona zege zito huongeza ndoo ya maji. Linateleza vizuri, lakini nguvu inashuka. Kama ni gari la zege limekwama kwenye foleni na dakika 90 zimepita tangu lichanganywe, dereva asiruhusiwe kuliongezea maji. Lirudishwe. Mchanga wa ufukweni na maji ya chumvi visikaribie mashine, kwani chumvi hula nondo kutoka ndani.

Kila siku ya kumwaga, chukueni sampuli za mchemraba wa milimita 150. Siku ya 7 zifikie takriban theluthi mbili ya nguvu. Siku ya 28 mchemraba wa daraja la 30 ubebe kilonyutani 675, karibu tani 69. Majibu yakija chini, kazi ya juu isimame mpaka mhandisi aamue.

Nondo ya milimita 25 inapounganishwa na mwenzake kwenye nguzo, zipishane mita 1 hadi 1.25. Ringi, yaani nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo za nguzo, ziwe na ncha zilizokunjwa kuingia ndani, na ziachane si zaidi ya mara 12 ya unene wa nondo ndogo ya nguzo: kwa nondo ya 16, kama milimita 190. Pale nondo zinapopishana panakuwa finyu, kokoto inakwama, na mbao zikifunguliwa mnakuta mashimo. Yasifichwe kwa plasta kabla mhandisi hajayaona. Nje, ambako hewa ya bahari inafika, zege linalofunika nondo lisipungue milimita 40. Linalomwagwa kugusa udongo, 75.

Mirunda, yaani miti inayoegemeza slabu mbichi kwa chini, ikikosewa huua watu wakati wa ujenzi. Slabu mbichi ya milimita 200 ina uzito wa kilo 500 kwa mita ya mraba, wakati slabu ya nyumba ya kuishi hupangiwa watu na samani za kilo 150 hadi 200 tu. Ghorofa moja haiwezi kuibeba ile mbichi peke yake. Acheni mirunda kwenye ghorofa 2 au 3 zilizo chini ya slabu inayomwagwa, kila mmoja ukikaa juu ya mwenzake. Kwa kawaida mirunda ya slabu hukaa siku 14 na ya bimu 21, isipokuwa mhandisi ameagiza vingine. Mwagilieni siku 7 mfululizo, slabu ikiwa chini ya magunia mabichi, na kwenye joto la Januari anzeni kumwaga alfajiri.

Kwa maji, nyumba 48 zenye watu 5 kila moja, kila mtu lita 150, hutumia lita 36,000 kwa siku. Tangi la chini libebe matumizi ya siku 2, na la juu lita 20,000, ambazo ni tani 20 zinazotakiwa kuwa kwenye hesabu ya mhandisi tangu mwanzo. Kila mita 10 za mteremko huongeza msukumo wa maji kwa bar 1, hivyo nyumba za chini zitahitaji vali ya kupunguza msukumo, na ghorofa 2 au 3 za juu pampu ya kuongeza. Matundu ya mabomba yaachwe kabla ya kumwaga zege. Fundi bomba asitoboe bimu baadaye.

Wakati wa kukabidhi, hati za kila nyumba hutolewa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Wamiliki wapewe pamoja nazo michoro ya jengo kama lilivyojengwa. Atakayetaka kubomoa ukuta apanue sebule ataangalia humo kama ni wa matofali tu au ni wa zege uliobeba ghorofa zilizo juu yake.